Shangazi Anajibu: Binti Yangu Ana Down na Anataka Kuolewa

Wapendwa wangu, mwezi uliopita niliandika mistari michache tu hapa kuhusu dada mmoja mwenye ulemavu wa akili aliyefungiwa ndani siku ya harusi ya mdogo wake, basi simu yangu haijapumzika mpaka leo. Meseji zimetoka kote Uganda, Bwera, Arua, Bombo, Kisenyi, moja hata kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na karibu zote zinaanza vilevile, "Shangazi, hili siwezi kumuuliza mtu yeyote." Ndo maana nimeamua mwezi huu ukurasa mzima uwe wa jambo hili moja. Nilisomea Chuo Kikuu cha Kyambogo, nikafundisha watoto na watu wazima wenye ulemavu wa akili kwa miaka mingi, na nyumbani kwetu kaka yangu mkubwa ni mmoja wao, kwa hiyo mengine nitakayosema nimeyaona darasani na mengine nimeyaona mezani kwetu tukila.

Na tuelewane kwanza, ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili. Huyu ni mtu anayejifunza polepole na anayehitaji msaada katika baadhi ya mambo, basi. Na Down mtakayoisoma hapa chini ni hali ya kuzaliwa nayo inayoleta ulemavu huo. Mwili wake unakua kama wako na moyo wake unapenda kama wako.

*Shangazi, pole na kazi. Mimi ni mama huku Bwera, nauza mchele na maharage pale mpakani Mpondwe. Binti yangu ana miaka 24, ana Down. Anafua, anapika posho (ugali), pesa anajua noti ya elfu moja na ya elfu tano tu. Tangu mwaka jana kuna kijana wanasali pamoja, na yeye ni mzito kidogo wa kuelewa ila anafanya kazi ya kuosha bodaboda, baada ya misa wanakaa wameshikana mikono. Sasa binti anasema anataka kuolewa, kila siku hiyohiyo, anajifunga shuka nyeupe kichwani anatembea uani. Mbele ya watu nacheka, usiku nalia. Dada zangu wanasema nimpeleke hospitali afungwe kizazi kabla hajatuletea aibu, mmoja ameshatoa na pesa. Mume wangu amenyamaza tu. Nifanye nini?*
Mama M., Bwera

Mama M., pesa ya dada yako irudishe leo.

Najua dada zako hawana nia mbaya, wanaogopa, na hofu yao naielewa kabisa, lakini hebu tuangalie huko kufunga kizazi kunamkinga na nini. Kunazuia mimba tu. Hakuzuii kubakwa, hakuzuii VVU, hakuzuii kaswende wala kisonono. Na nitakuambia neno gumu kidogo, mara nyingi mimba ndiyo kitu pekee kinachomfichua mtu anayemdhulumu binti kama wako, sasa ukishaiondoa hiyo na mtaa mzima ukajua, maana mtaa utajua tu, umemfungulia mlango mtu wa aina hiyo na kumwambia pita. Halafu kuna sheria. Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na ibara ya 23 inasema watu wenye ulemavu, watoto kwa wakubwa, wana haki ya kubaki na uwezo wao wa kuzaa sawa na wengine. Mwili ni wake. Wewe ndiye uliyembeba na kumlea, hakuna anayekunyang'anya hilo, lakini kutia saini akatwe mirija wakati yeye hata hajaambiwa anakatwa nini, hapana mama.

Akitaka kupanga uzazi, zipo njia anazoweza kuziacha baadaye akazaa, sindano ya miezi mitatu, kijiti cha chini ya ngozi ya mkono, koili ya ndani ya mji wa mimba. Mpeleke kituo cha afya mkaelezwe wote wawili, aonyeshwe kijiti chenyewe akishike mkononi, aelezwe kitaingia wapi na kwa nini, kisha yeye ndo aseme. Na hapa sikiliza vizuri kama binti ana kifafa, kwa sababu wengi wenye ulemavu wa akili wanacho na mara nyingi mtoa huduma hakumbuki kuuliza. Dawa za kifafa kama kabamazepini, ile wengi wanaiita Tegretol, na fenitoini na fenobabitoni, zinapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya kijiti pia. Mtu anakaa na kijiti mkononi anadhani yuko salama kumbe dawa anayomeza kila asubuhi inakila. Sindano ya miezi mitatu na koili ya shaba hazisumbuliwi hivyo na dawa hizo. Nenda na makopo ya dawa zake zote, yaweke mezani mbele ya nesi.

Sasa hiyo ya kuolewa. Katiba yetu ya 1995, ibara ya 31, inasema mwanamume na mwanamke waliofika miaka 18 wana haki ya kuoana na kuanzisha familia, na kwamba ndoa ifungwe kwa ridhaa huru ya hao wawili. Haikusema wafanyiwe mtihani wa hesabu kwanza. Ila hilo neno ridhaa ndo lenye kazi, na kazi hiyo ni yako na ya kila anayempenda binti.

Watu wengi wenye ulemavu wa akili wamefundishwa tangu utotoni kusema ndiyo. Ndiyo mwalimu, ndiyo mama, ndiyo anti. Wakisema ndiyo watu wanafurahi, wakisema hapana wanapigwa au wanaitwa wabishi. Kwa hiyo ukimuuliza, "Unampenda?" atasema ndiyo. Kesho muulize, "Humpendi, si ndiyo?" anaweza kusema ndiyo vilevile. Usimuulize hivyo. Muulize mpo jikoni mnachambua mchele, "Mkiwa pamoja mnafanya nini?" Nyamaza, ngoja, hata dakika nzima, usimjazie maneno. Siku nyingine muulize mtu aliyeolewa anafanya nini asubuhi, anafanya nini mgonjwa akiwepo, mume akikasirika anafanya nini. Labda kwake kuolewa ni ile shuka nyeupe na keki na watu kupiga vigelegele, hilo si kosa, hata wasichana wengi wa chuo kikuu huanzia hapohapo. Lakini akikuambia yule kijana humwekea chapati yake nusu, au hukasirika akichelewa kisha wanapatana, hapo ujue kuna kitu cha kweli.

Halafu nikuulize mimi, nani amekuwa ssenga wake? Huku Buganda binti ana ssenga wake, shangazi anayemkalisha chini na kumwambia mambo ya mwili na ya mume, na huko kwenu mlimani pia najua kuna mama wakubwa na bibi wanaofanya kazi hiyo. Wadogo zake walikalishwa chini, yeye akarukwa. Kila nyumba niliyoingia ni hivyohivyo, mwenye Down anarukwa kwa sababu ati haelewi, halafu huyohuyo asiyeambiwa chochote ndo anatarajiwa ajilinde. Mtafutie ssenga. Awe mwanamke anayempenda na mwenye subira, aanze na majina ya sehemu za mwili, majina ya kweli, si "kule" na "kale kadudu", maana siku akiguswa vibaya atahitaji neno la kusema na nesi au polisi wamwelewe. Kila mara dakika 10 au 15 tu, rudieni kesho, rudieni wiki ijayo. Kwa picha, kwa vitu vya kushika. Mimi hedhi niliifundisha kwa tomato sosi iliyochanganywa na maji kidogo, tunaimwaga kwenye pedi, tunaibandika kwenye chupi, tunaitoa, tunaikunja, tunaitupa, mara 20 mpaka mikono yenyewe inajua. Tendo la ndoa nalo lifundishwe hivyohivyo waziwazi, kwamba linatakiwa liwe la raha kwa wote wawili, kwamba mtoto anatoka hapo, kondomu inavaliwaje, na kwamba hata mume ukimwambia hapana, ni hapana.

Kwa kuwa ana Down kuna mambo ya afya usiyaache. Karibu nusu ya wenye Down huzaliwa na tatizo la moyo, na wengi hupata shida ya tezi la shingoni, sasa kama hajawahi kupimwa moyo apimwe kabla ya habari za mimba. Wanawake wenye Down wengi wanaweza kushika mimba, wasikudanganye kwamba hawezi. Uwezekano wa mtoto naye kuzaliwa na Down unaweza kufika karibu nusu. Yote haya aambiwe yeye, kwa lugha yake, si wewe tu uambiwe pembeni.

Na yule kijana usimsahau, naye ana mama yake anayelia usiku mahali fulani. Tafutaneni, wazazi kwa wazazi, kaeni chini, waruhusuni wale wawili waonane mahali penye watu lakini wasisimamiwe kama wafungwa. Kijana naye afundishwe na mjomba au baba mwenye akili tulivu. Sheria ya makosa ya jinai, ile ya tangu 1950, bado ina kifungu kinachomfunga mpaka miaka 14 mwanamume anayelala nje ya ndoa na mwanamke mwenye upungufu mkubwa wa akili huku anajua hali yake, na kiliandikwa kwa maneno ya matusi ambayo sitayaweka hapa. Kinawakinga wengi, ila hakiulizi kama mwanamke mwenyewe alipenda, na kwa hilo mimi naona ni kibovu. Kwa hiyo msiwaache wakajificha vichakani, njia yao iwe ya wazi, familia zijue, padri ajue.

Ndoa yenyewe si lazima iwe mwezi ujao. Nimeona wanandoa wa namna hii wakiishi chumba cha nyuma ya nyumba ya wazazi, mama anashika pesa ya wiki anawagawia kila asubuhi, wao wanapika na kufua na kugombana na kupatana kama sisi. Kwani wangapi kati yetu tulianza ndoa bila mama mkwe kushika mfuko? Na mume wako huyo aliyenyamaza, mpe kazi, aende akamwone baba wa kijana. Wanaume wengine maneno huwashinda, safari haiwashindi.

*Habari Shangazi. Niko Arua. Mdogo wangu ana miaka 29, haongei sana. Anajishika sehemu za siri na kujichua hapo nje kwenye kiti, watu wakipita, watoto wakipita. Nimempiga mpaka nimechoka. Majirani wamesema wakimwona tena watamfanya kitu. Kuna mtu ameniambia ipo sindano ya kuua hamu. Nisaidie.*
Kaka mtu, Arua

Kaka, fimbo iweke chini kabisa. Umempiga mpaka umechoka na bado anafanya, maana yake fimbo haijamfundisha kitu, amejua tu kwamba wewe unapiga. Hajui kosa ni mahali. Anadhani kosa ni mwili wake.

Kwanza mwangalie, au nesi wa kiume amwangalie, kama hana fangasi, upele, suruali inayobana, maumivu ya kukojoa. Asiyeongea sana hujikuna akaonekana anafanya jambo lingine, na nimeona kijana aliyepigwa miezi mitatu kumbe alikuwa na fangasi, akapakwa dawa wiki mbili ikaisha.

Kama si hilo, basi ni kujichua kwa kawaida, jambo ambalo wanaume wengi wa miaka 29 wanalifanya na hakuna anayejua kwa sababu wana mlango. Yeye ana mlango? Hilo ndo swali langu kwako. Kama mnalala chumba kimoja watu wanne, mtengenezee pazia na saa yake, mchana wengine wakiwa nje, na kila mtu nyumbani aheshimu saa hiyo. Choo cha kushirikiana na majirani sikushauri, kwa sababu atajifunza kwamba choo chochote ni sawa, kesho atafanya kwenye choo cha soko na huko watamuua. Afundishwe sehemu moja tu, kitandani kwake, pazia limefungwa.

Akianza pale nje usipige kelele. Nenda karibu, sema neno moja, "Chumbani," mshike begani, mpeleke. Wewe, mama, watoto wakubwa, wote neno hilohilo, sauti ileile. Bandika picha ya kitanda chake mlangoni pa chumba. Itachukua wiki nyingi, usikate tamaa wiki ya pili. Na mchana anakaa kwenye kiti anafanya nini, hana kazi? Mpe mikono yake shughuli, kubeba maji, kupukuchua mahindi, kuosha vyombo. Mwili uliokaa bure siku nzima utatafuta cha kufanya.

Sindano ya kuua hamu sahau. Hamu si ugonjwa. Kuhusu dini najua wengine mtaniandikia, na mimi mwenyewe ni mtu wa ibada, kaeni na shekhe au mchungaji wenu muongee, ila mkiwa mnaongea kijana asipigwe. Na leo jioni, kabla ya kulala, nenda kwa mwenyekiti wa LC1, lile baraza la kijiji, pamoja na jirani mmoja mwenye heshima, waeleze mdogo wako ana hali gani na mnafanya nini, ili siku watu wakipandwa na hasira kuwe na mtu wa kuwazuia.

*Shangazi naomba unijibu haraka. Niko Kisenyi Kampala. Binamu yangu ana miaka 21 lakini akili yake ni kama ya mtoto, mama yake alifariki tunakaa naye. Juzi jioni amerudi na soda na shilingi 2,000 na nguo yake imechanika. Anasema rafiki amempa. Hataki kuoga. Mjomba anasema tusitangaze, huyo mtu tunamjua, ataleta mbuzi tuyamalize.*
Dada yake

Dada, wewe nilikupigia simu saa hiyohiyo meseji ilipoingia, na ninachapisha majibu kwa ajili ya wengine wenye juzi yao.

Saa 72. Hizo ndo zako, siku tatu tangu tukio. Ndani ya saa hizo hospitali inaweza kumpa dawa za kuzuia VVU, za kumeza siku 28, na mapema zaidi ni bora zaidi, saa mbili ni bora kuliko saa kumi. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba kinafanya kazi vizuri ndani ya siku tatu, kinaweza kusaidia hadi siku ya tano lakini nguvu inapungua, na kama anatumia zile dawa za kifafa nilizotaja juu mwambie daktari. Asioge bado. Nguo aliyovaa usiifue, na usiiweke kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki, weka kwenye bahasha au karatasi kwa sababu kavera linaozesha ushahidi. Nenda hospitali kwanza, polisi hata baadaye siku hiyohiyo, matibabu hayasubiri fomu. Polisi ulizia dawati la watoto na familia, watakupa fomu ya uchunguzi ajaze daktari.

Mbuzi, hapana. Mjomba mwambie kwa heshima zote, sheria ile ya miaka 14 haina bei ya mbuzi, na kama binti angekuwa chini ya miaka 18, kwa sababu ya ulemavu wake kosa lingekuwa zito zaidi, linafika hata adhabu ya kifo. Mtu huyo akilipa mbuzi leo atarudi, kwenu au kwa jirani, maana ameshajua bei. Mjomba akikataa, namba 116 haina malipo, inapokea watoto na pia kesi za ukatili wa kijinsia, na mawakili wanawake wa FIDA Uganda wanasaidia bure wasio na uwezo.

Kumuuliza binti, muulize mara moja, pahali patulivu. "Niambie ilikuwaje na soda." Basi. Usimtajie jina la mtu, usimuulize "alikubaka?", andika maneno yake mwenyewe kama alivyoyatamka hata kama hayaeleweki, yana thamani mahakamani kuliko maneno yako mazuri. Na usimkemee kwa ajili ya soda. Hakuiuza nafsi yake kwa soda, alipewa zawadi na mtu mzima na akaamini.

Baadaye mambo yakitulia mfundishe duara. Mimi nilikuwa nachora kwa chaki sakafuni, duara ndani ya duara, yeye anasimama katikati, na vizibo vya soda ndo watu. Kizibo cha mama kinakaa karibu kabisa, huyu anaweza kukukumbatia. Cha rafiki duara la pili. Cha mwenye duka mbali, huyo ni salamu ya mkono tu, hakupeleki nyuma ya duka. Siku moja mwanafunzi wangu mmoja, msichana mtulivu asiyetoa sauti darasani, alichukua kizibo cha mtu ambaye sisi sote tulidhani ni wa duara la karibu, mtu aliyekuwa anampeleka shule kila siku, akakitoa kabisa nje ya maduara ya chaki, akakisukuma mpaka ukutani. Nikakirudisha nikidhani amekosea. Akakisukuma tena ukutani. Mara ya tatu ndo nikaelewa, na bado nina uchungu kwamba ilihitaji mara tatu.

*Assalaam aleikum Shangazi. Mimi ni mzee wa Bombo, mwanangu ana miaka 33, ana ulemavu wa akili. Sisi tunazeeka. Tumemwona binti wa familia maskini, tunataka tumwoze ili amtunze tukiondoka. Wazazi wa binti hatujawaambia hali yake, wataona wenyewe baadaye. Ni vibaya?*

Waaleikum salaam mzee wangu. Ndiyo, ni vibaya, na nakuambia kwa heshima ya mvi zako.

Hofu ya nani atamshika mwanao mkiondoka ni hofu ya kweli, hata mimi na kaka yangu naibeba. Lakini unachotafuta hapo ni mtunzaji, sasa mtunzaji anatafutwa kwa jina lake na analipwa mshahara wake. Mke anaambiwa ukweli. Hata shekhe siku ya nikahi ataulizia ridhaa ya binti, na ridhaa ya mtu aliyefichwa jambo ni ridhaa gani? Akifika usiku wa kwanza akakuta mtu ambaye hakuambiwa, atakimbia, au atabaki kwa sababu ya umaskini na chuki yake ataimalizia kwa mwanao, na mwanao hatajua amekosea nini.

Na mwanao umemuuliza? Katika barua yako yote hayupo. Labda hataki mke. Labda kuna mtu anampenda na hamjui. Muulizeni kwanza. Jambo la utunzaji kaeni kama ukoo, gawaneni mapema, nani nyumba, nani chakula, nani dawa, muandike mbele ya mashahidi mkiwa hai. Ulizieni pia chama cha wazazi wa watu wenye ulemavu wa akili, na NUDIPU, ule muungano wa watu wenye ulemavu uliopo tangu 1987, mtakutana na wazee wengine wenye mzigo uleule.

*Shangazi. Mimi ni D. Nina miaka 31. Mtoto wa dada yangu ananiandikia. Mimi sijui kusoma vizuri. Nina mpenzi. Yeye ni kama mimi. Tulikutana kwenye michezo. Watu wanatucheka. Wanasema sisi ni watoto. Mimi si mtoto. Nataka tulale pamoja. Tunakosea?*

D., asante kwa kuniandikia. Nakujibu kwa maneno mafupi, mtoto wa dada akusomee mara mbili.

Wewe si mtoto. Una miaka 31. Wewe ni mtu mzima.

Kupenda si kosa.

Muulize mpenzi wako, "Unataka?" Ngoja ajibu. Akisema hapana, acha. Akinyamaza, acha. Akilia, acha. Akisema ndiyo leo, kesho muulize tena.

Na wewe pia unaweza kusema hapana. Hata kama unampenda.

Mkilala pamoja, mlango ufungwe. Tumieni kondomu. Kila mara mpya. Kituo cha afya cha serikali wanatoa kondomu bure. Mwambie nesi akuonyeshe jinsi ya kuvaa. Fanya mazoezi kwa ndizi mpaka ujue.

Mtu akikuambia, "Hii ni siri, usimwambie dada," mwambie dada. Siri nzuri ni ya zawadi. Siri ya mwili inayokuumiza si nzuri.

Mnataka kuoana? Mwambie dada yako. Mwambie mama wa mpenzi wako. Waambieni wote wawili mkiwa pamoja.

Siku ya kwenda kituo cha afya, mtoto wa dada akusindikize mpaka mlangoni. Akae nje kwenye benchi. Ndani ingia wewe na mpenzi wako.